Kuchimba, Kuchoronga na Kutaja Dhahabu: Maelezo ya Uchunguzi wa Kupanua Mgodi wa Wazi

Utangulizi

Kitenzi chimba kimebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Huchimbwa kisima, kaburi, mtaro, viazi na chumvi. Huchimbwa hata mtu, pale anapodadisiwa siri yake. Kwa hiyo, mtambo wa kutoboa mwamba unapofika kando ya kijiji kilicho jirani na mgodi wa dhahabu, ni rahisi kusema kwamba watu wa mgodi "wamekuja kuchimba". Kauli hiyo haina kosa la sarufi, lakini inapotosha maana. Dhahabu itakayotoka katika tundu la mtambo ule haifikii hata gharama ya mafuta ya siku moja. Watu hao wamekuja kutafuta hoja: hoja ya kuchimba, au hoja ya kuacha.

Makala haya yanadhamiria kueleza kazi hiyo jinsi ilivyo, kwa kufuata mfano wa mgodi wa Geita nchini Tanzania, na kuchunguza maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kuitaja. Jambo kuu linalodaiwa hapa ni kwamba zao la uchunguzi wa namna hii ni kauli. Mtambo hutoa mawe, maabara hutoa nambari, na mwisho wa yote hutolewa tamko kuhusu kitu ambacho hakuna jicho lililokiona. Ikiwa lugha ya tamko hilo haitofautishi kinachokisiwa na kilichopimwa, mwenye shamba lililo ukingoni mwa shimo hawezi kujua ameambiwa nini.

Geita: mahali na historia

Geita iko kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wazinza na Wasukuma, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wenye jina hilo. Miamba yake ni ya ukanda ambao wanajiolojia huuita ukanda wa miamba ya kijani wa Usukuma, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ya dhahabu yake imeshikamana na mwamba wa chuma wenye tabaka, pamoja na miamba ya moto iliyojipenyeza humo baadaye.

Historia ya uchimbaji wake inafaa kukumbukwa kwa sababu imekwenda mzunguko. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Kiingereza, ulianzishwa hapo mgodi wa chini ya ardhi ambao ulifanya kazi hadi mwaka 1966. Baada ya kimya cha zaidi ya miaka thelathini, mwaka 2000 ulifunguliwa mgodi mpya wa wazi, ambao tangu mwaka 2004 unamilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti. Mashimo yake yalipewa majina ya vilima na ya madai ya zamani: Nyankanga, Geita Hill, Lone Cone, Kukuluma, Matandani, Star and Comet. Mwaka 2016 uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea, kwanza katika Star and Comet, kisha Nyankanga; na mwaka 2021 likaanza kuchimbwa shimo jipya la wazi la Nyamulilima. Kila badiliko kati ya hayo lilitanguliwa na miaka ya kutoboa mwamba na kubishana juu ya maana ya kilichotoka.

Kwa nini ukingo unasogea

Ili kuelewa uzito wa kazi hii, ni lazima kwanza kuelewa umbo la mgodi wa wazi. Shimo la namna hiyo haliwezi kushuka wima kama kisima, kwa kuwa kuta zake zingeporomoka. Hukatwa kwa ngazi, na mteremko wake mzima ukawa kama wa bakuli. Tuseme mteremko huo ni wa nyuzi 45. Shimo likishuka mita 100 zaidi, ukingo wake hauna budi kurudi nyuma mita 100 kila upande. Na kwa kuwa umbo lake linakaribia pia iliyopinduliwa, kina kikizidishwa mara mbili kwa mteremko uleule, ujazo unazidi mara nane.

Matokeo ya hesabu hiyo ni mawili. Kwanza, kadiri shimo linavyoshuka, ndivyo kila tani ya mbale, yaani mwamba wenye dhahabu ya kutosha kulipa gharama zake, inavyodai tani nyingi zaidi za kifusi ziondolewe. Hufika mahali ambapo kifusi hula faida yote, na hapo mgodi hufungwa au hugeuka kuwa wa chini ya ardhi. Pili, swali linaloulizwa chini ya shimo hujibiwa juu yake. Tundu linalotobolewa kuufuata mwamba wa dhahabu mita 300 ardhini linaweza kuamua kama nyumba iliyo mita 80 kutoka ukingoni itabaki au itahama. Mwenye nyumba husikia mngurumo wa mtambo. Asichosikia ni kwamba nyumba yake imo ndani ya swali.

Kuchoronga: kazi na jina lake

Kwa kazi hii Kiswahili cha Tanzania kina kitenzi maalumu: choronga. Shirika la Madini la Taifa, lililoundwa mwaka 1972, hutangaza huduma za uchorongaji wa miamba, na neno hilo limeenea katika taarifa za wizara na magazeti. Nchini Kenya halijazoeleka. Huku husemwa kuchimba au kutoboa, na chombo chake kidogo cha seremala huitwa kekee. Faida ya choronga ni kwamba linaondoa utata uliotajwa mwanzoni. Anayechoronga anatoboa kwa kuzungusha, na lengo lake ni kujua. Anayechimba anaondoa ardhi, na lengo lake ni kupata. Ni tofauti ambayo sheria nayo inaitambua: chini ya Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010, leseni ya utafutaji wa madini ni kitu kimoja na leseni ya uchimbaji ni kitu kingine.

Njia za kuchoronga zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza, iliyo ya haraka na ya bei nafuu, hutumia bomba lenye kuta mbili, bomba ndani ya bomba. Hewa ya kompresa hushuka kwa nguvu kati ya kuta hizo hadi kwenye ncha inayosaga mwamba. Kisha hurudi juu kwa njia ya bomba la ndani, ikichukua vipande vya jiwe. Tundu lake huwa na kipenyo cha milimita 120 hadi 140 hivi. Vipande vya kila mita moja hukusanywa katika mfuko wake, vikagawanywa, na sehemu ndogo kupelekwa maabara. Njia hii humwambia mwanajiolojia kiasi cha dhahabu, lakini haimwonyeshi mwamba ukiwa mzima.

Njia ya pili hutumia ncha ya mviringo iliyo wazi katikati na kupachikwa almasi za viwandani. Ncha hiyo hukata mwamba kama pete, na kilicho katikati hubaki kizima na kupandishwa juu kikiwa kirefu na cha duara. Kwa umbo lake kinastahili kuitwa mche wa jiwe, kwa kulinganisha na mche wa sabuni. Vipimo vyake vya kawaida ni milimita 63.5 au 47.6 za kipenyo. Miche hupangwa kwa taratibu katika visanduku, ikaandikwa kina chake, na mwanajiolojia akaisoma kipande kwa kipande: aina ya mwamba, rangi, nyufa, mishipa ya mawe meupe, mng'aro wa madini ya salfa. Kisha kila mche hupasuliwa kwa msumeno katika nusu mbili. Nusu moja husagwa na kupimwa. Nusu ya pili huhifadhiwa.

Matundu mengi hayashuki wima. Kwa kuwa mwamba wenye dhahabu aghalabu umelala kwa mshazari, tundu huelekezwa kwa pembe ili liukate karibu na pembe mraba. Lisipofanya hivyo, urefu unaosomwa katika mche hudanganya. Tundu likikutana na tabaka kwa pembe ya nyuzi 30, mita 12 za mche wenye dhahabu ni mita 6 tu za unene wa kweli. Msemaji mwaminifu hutaja unene. Mwenye haja ya kuvutia wanunuzi wa hisa huweza kutaja urefu na kunyamaza.

Kutoka jiwe hadi nambari

Katika maabara, nusu ya mche husagwa hadi kuwa unga laini kama poda. Gramu 30 au 50 za unga huo huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi na boraksi, zikayeyushwa katika tanuri kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi. Risasi inayopatikana huikusanya dhahabu na fedha na kuzama nayo chini. Kisha kidonge hicho cha risasi huwekwa katika kikombe cha vinyweleo, kikachomwa tena. Risasi hunywewa na kikombe, na kinachobaki ni tone dogo la dhahabu na fedha. Ni njia ya kale sana, na bado ndiyo inayoaminiwa. Kama jiwe lina gramu 2 za dhahabu kwa tani, basi katika gramu 50 za unga mna dhahabu ya sehemu moja tu ya kumi ya miligramu. Kwa udogo huo, mfanyakazi mwenye pete ya dhahabu kidoleni ni hatari kwa ukweli. Ndiyo maana kati ya mifuko inayopelekwa maabara huchanganywa mingine ambayo kiasi chake kinajulikana, na mingine isiyo na dhahabu kabisa, ili maabara yenyewe ipimwe.

Hapa inafaa kufanya hesabu ambayo wasomaji wa taarifa za migodi hawaifanyi mara nyingi. Mche wa milimita 47.6, wenye urefu wa mita moja, una uzito wa kilo 5 hivi. Matundu yakiachana mita 40 kila upande, mita hiyo moja husimama kwa niaba ya eneo la mita 40 kwa 40, yaani mwamba wa tani 4,300 hivi. Kwa maneno mengine, kilichoshikwa mkononi ni sehemu moja katika laki tisa ya kinachosemewa. Na kilichoingia tanuri, gramu 50, ni sehemu moja katika milioni 86. Yaliyobaki ni hoja: elimu ya namna dhahabu inavyotawanyika, kanuni za hesabu, na uzoefu. Kupunguza nafasi kati ya matundu kutoka mita 40 hadi 20 huongeza imani, na huongeza gharama mara nne.

Kwamba kauli hii inaweza kuwa uongo mtupu kulidhihirika mwaka 1997. Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilikuwa imetangaza hazina kubwa mno ya dhahabu huko Busang, nchini Indonesia, na hisa zake zikapanda hadi mabilioni ya dola. Uchunguzi huru ulionyesha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Miche haikuwa imepasuliwa na nusu yake kuhifadhiwa kama ilivyo desturi. Ilisagwa yote, na hivyo ushahidi wa kurejelea haukuwapo. Kufuatia mkasa huo, Kanada ilitoa mwaka 2001 kanuni kali kuhusu namna kampuni zinavyoruhusiwa kutaja madini. Australia ilikuwa na kanuni zake tangu mwaka 1989. Kwa mwanaisimu, kanuni hizo zina mvuto wa pekee, kwa kuwa ni sheria zinazoamua ni nani ana haki ya kutumia neno gani, na baada ya kufanya nini.

Rasilimali na akiba

Kanuni hizo zimejengwa juu ya maneno mawili ambayo hayaruhusiwi kuchanganywa. La kwanza hutaja madini ambayo kuna sababu ya kuamini kwamba yamo ardhini na kwamba huenda siku moja yakafaa kuchimbwa. Hilo lina ngazi tatu, kwa kadiri ya wingi wa matundu: kinachokisiwa tu, kinachodokezwa na vipimo, na kilichopimwa vya kutosha. La pili hutaja sehemu tu ya yale ya kwanza, ile ambayo, baada ya kuhesabu bei, gharama, mteremko wa kuta na kibali cha sheria, imeonekana kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida. Hilo nalo lina ngazi mbili: inayotarajiwa na iliyothibitika. Kinachokisiwa hakiruhusiwi kuruka moja kwa moja na kuingia katika neno la pili.

Kiswahili kinayatajaje? Katika matumizi ya sasa, maneno manne hubadilishana nafasi bila mpango: rasilimali, akiba, hazina na mashapo. Kila moja lina historia inayovuta maana upande wake. Rasilimali ni neno la wafanyabiashara wa pwani, kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni mtaji: mali ambayo mtu ameishika na anaifanyia biashara. Hazina ni mali iliyofichwa au iliyotunzwa, na inadokeza kwamba yuko aliyeiweka. Mashapo, katika kamusi za kawaida, ni masimbi yanayotua chini ya kinywaji. Taarifa za madini zimelipa maana mpya ya madini yaliyomo ardhini, na mzungumzaji wa kawaida hana namna ya kuibashiri maana hiyo. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho, na Waswahili husema akiba haiozi. Msikilizaji anayeambiwa kwamba pana akiba ya dhahabu chini ya kilima hawezi kudhani kwamba kilichotajwa ni kisio.

Tatizo halimo katika nomino pekee. Kitenzi kinachopendwa zaidi katika habari za migodi ni patikana. Ichukuliwe sentensi hii ya mfano: "Wakia laki tano za dhahabu zimepatikana." Kwa sarufi ya Kiswahili, sentensi hiyo inaweza kuwa na maana kwamba dhahabu imegunduliwa, kwamba ipo na mtu anaweza kuipata, au kwamba tayari imekwisha kutiwa mkononi. Aliyeisema alikusudia maana ya kwanza, na hata hiyo kwa masharti. Aliyeisikia, hasa akiwa anangoja fidia, ajira au mrabaha wa halmashauri yake, ana haki kamili ya kuielewa kwa maana ya tatu. Neno wakia nalo lina mtego wake, kwa sababu wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, ilhali ile ya vipimo vya kawaida ni gramu 28.35.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na nyenzo. Kinyume chake, vivumishi vya vitenzi vyake vinaweza kubeba ngazi hizi kwa uwazi kuliko istilahi za kukopa: rasilimali iliyokisiwa, rasilimali iliyodokezwa, rasilimali iliyopimwa, akiba inayotarajiwa, akiba iliyothibitika. Mzizi wa kila kitenzi unaeleza msemaji amejuaje anachokisema. Linalohitajika ni maafikiano ya aina mbili. Kwanza, rasilimali na akiba yawekewe mpaka, huku hazina ikiachiwa washairi na mashapo yakirudishwa kwenye maana yake ya masimbi na ya matope yaliyotua. Pili, kivumishi kisidondoshwe kamwe. Taarifa inayosema "rasilimali" bila kusema imekisiwa au imepimwa ni sentensi isiyokwisha.

Maneno ya wachimbaji wadogo

Haifai kudhani kwamba msamiati wa madini hutoka ofisini tu. Kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa na hata baada yake, wachimbaji wadogo wa kanda ya ziwa wamejenga lugha yao, na ni lugha yenye mpangilio. Tundu lao la kushukia ni duara. Miti inayozuia kuta zisianguke ni matimba. Mtambo wa kuvunja mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea na kukamatia dhahabu ni mwalo. Geita kwenyewe, mabaki ya mawe yanayotoka mgodini, ambayo mafukara huyapekua wakitafuta chembe zilizoachwa, huitwa magwangala. Neno hili la mwisho linatoa funzo. Kile ambacho mhandisi hukiita kifusi, kwa kuwa dhahabu yake haifikii kiwango cha kulipa gharama za mtambo, kwa mwenye nyundo na karai ni mbale. Mpaka kati ya mbale na kifusi hauko katika jiwe. Uko katika gharama za anayelitazama.

Lugha hiyo ni tajiri katika kutaja kazi, vifaa na hatari. Pale inapohitaji kukamilishwa ni katika kutaja kadirio, kwa sababu mchimbaji mdogo hufuata mshipa kwa macho yake na halazimiki kutoa tamko kuhusu tani asizoziona. Istilahi za kukadiria zitakazoundwa zitafaulu zaidi zikiungana na msamiati huu kuliko zikiupuuza.

Upande wa Kenya

Wataalamu wa Kenya wasilione jambo hili kuwa la jirani. Kakamega iliingiwa na homa ya dhahabu katika miaka ya 1930, na jina la mgodi wa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952, limebaki kuwa jina la mahali. Katika miaka ya karibuni kaunti hiyo imechorongwa tena, huko Isulu na Bushiangala, na matokeo yake yametangazwa kwa lugha ya soko la hisa. Katiba ya mwaka 2010 inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa leseni. Umma uliotajwa katika Katiba hauwezi kushiriki katika mjadala ambao maneno yake makuu hayajatafsiriwa kwa uthabiti.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uchorongaji wa kupanua mgodi wa wazi ni kazi ya kujenga kauli kutokana na ushahidi mdogo sana, na kwamba kauli hiyo huamua ukingo wa shimo utakapokomea, na kwa hiyo nani atahama. Kiswahili tayari kina choronga cha kutenga na chimba. Kina mbale na kifusi. Kina vitenzi vya kukisi, kudokeza, kupima na kuthibitisha. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuvitumia bila kuvichanganya, na mahali pa kuanzia ni pale panapotumika sana: mkutano wa kijiji, tangazo la redio na fomu ya fidia. Mwanakijiji anayeulizwa kama ameelewa aweze naye kuuliza, kwa neno moja tu, kama dhahabu inayosemwa imekisiwa au imepimwa.